Tupeane uzoefu: Msimu gani wa The Sopranos ulikushika, na upi uliuvumilia tu?

Wakuu, salaam. Nimemaliza kuirudia The Sopranos yote, ile tamthilia ya Marekani ya bosi wa mafia wa New Jersey, Tony Soprano, episodi 86, na nyumbani sina wa kubishana naye. Mke wangu anasema ni tamthilia ya wanaume wanene wanaokula na kugombana. Basi ugomvi nauleta huku.

Tahadhari: uzi huu unataja nani anakufa na anakufaje. Kama hujaiona, pita kimya kimya.

Sitaki orodha kavu ya moja hadi sita. Kila mtu aseme upi ulimshika, upi ulimchosha, na aliutazama akiwa katika hali gani. Naanza.

Kwangu wa kwanza ni msimu wa tano, wa 2004. Ndio ulioiletea tuzo yake ya kwanza ya Emmy ya tamthilia bora, na safari hiyo majaji hawakukosea. Wengi watasema ni kwa sababu ya Adriana, mchumba wa Christopher, kijana wa Tony, na kweli ni kwa sababu yake. FBI wamembana muda mrefu, mwisho anamwambia Christopher ukweli, wanalia pamoja, wanapanga kukimbia. Kisha simu ya Tony: Christopher yuko hospitali, Silvio, mtu wangu, anakuja kukuchukua. Pale kati kuna sekunde chache tunamwona Adriana anaendesha gari lake mwenyewe, yuko peke yake, sanduku liko kiti cha pembeni. Nikashusha pumzi. Halafu kamera inaturudisha kwenye gari la Silvio, tunagundua yale yalikuwa mawazo yake tu. Gari linakata kona kuingia porini. Risasi tunazisikia, yeye hatuoneshwi. Usiku ule sikuweka episodi nyingine, na mimi ni mtu wa kuunganisha tatu nne.

Wa mwisho kwangu ni wa nne, 2002. Carmela, mke wa Tony, na Furio, mmoja wa vijana wa Tony, wanaangaliana jikoni wiki nenda wiki rudi, hakuna kinachotokea. Episodi ya sikukuu ya Columbus ndiyo mbaya kuliko zote 86. Nimemaliza, nipigeni.

#2
Mkuu, wa nne wa mwisho? Na Vito, yule mtu wa Tony aliyejificha kule New Hampshire, anakula mikate ya mahindi, umemweka wapi? Sehemu ya kwanza ya msimu wa sita ndiyo inayochosha. Tony anapigwa risasi na ndugu wa baba yake, vizuri sana, halafu anazimia tunaanza kutazama ndoto anayodhaniwa kuwa muuza vifaa vya sola. Nilikuwa nasogeza mbele.

#3
Mombasa hapa. Mimi sina mengi. Msimu wa tatu, episodi ya Pine Barrens, ile aliyoiongoza Steve Buscemi. Paulie, mtu mwingine wa Tony, na Christopher wametumwa wakachukue hela kwa Mrusi, wakamaliza kwa kupotea msituni kwenye theluji, Paulie kiatu kimoja kimemtoka, njaa imewashika wanafyonza vipakiti vya sosi ndani ya gari. Simu inakatakata. Tony anamwambia Paulie yule jamaa alikuwa wizara ya mambo ya ndani, ameua Wachechnya kumi na sita. Paulie anamgeukia Christopher: ameua Wachekoslovakia kumi na sita, kazi yake ni kupamba nyumba. Christopher anashangaa: mbona nyumba yake ilikuwa chafu vile? Nilicheka mpaka ndugu yangu akaja kugonga mlango.

Na yule Mrusi hakuonekana tena mpaka tamthilia ikaisha. Kuna watu hadi leo wanamdai David Chase, mwenye tamthilia, jibu. Mwacheni mtu wa watu, yuko msituni.

#4
Mleta uzi, kaka yangu, naomba nikujibu kwa urefu.

Msimu wa nne niliutazama nikiwa nimerudi kwa wazazi, Tanga, na watoto wawili, kesi ya talaka haijaisha. Kompyuta ya kaka yangu, sebuleni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na feni. Mama anakaa pembeni anachambua mchele. Kiingereza hajui, na sisi maandishi ya chini hatukuwa nayo.

Ikafika episodi ya mwisho, Whitecaps. Ile ambayo mchepuko wa zamani wa Tony anapiga simu nyumbani, anamwambia Carmela kwamba Tony ametembea hata na binamu yake yeye mchepuko. Carmela hamsubiri Tony afike amuulize. Anatupa vitu vyake kutokea dirishani, Tony anafika anakuta fimbo za gofu zimezagaa njiani. Kisha wanagombana. Lakini si ugomvi wa kwenye sinema ambao kila mtu anajua la kusema. Wanarudia maneno yale yale, wanaacha, mmoja anashuka ngazi, mwingine anamfuata, inaanza upya. Kesho yake tena. Tony anaishia kuupiga ngumi ukuta kando ya kichwa cha mkewe. Mimi nyumba ya namna ile nimeishi. Hakuna mtu aliyewahi kunionesha kwenye skrini kwamba ugomvi wa ndoa unakuwa na mapumziko, mnakula, mnaulizana funguo ziko wapi, halafu mnaendelea.

Mama alikuwa ameacha mchele. Akasema, "Huyu mwanamke moyo wake uko kwa mwingine." Nikamwambia hapana mama, mume ndiye mwenye mambo hayo. Dakika chache baadaye Carmela anamtajia Tony jina la Furio.

Sasa wewe unaniambia pale jikoni hakuna kilichotokea. Yale macho ya jikoni unayoyalalamikia ndiyo yaliyoulipia ule ugomvi. Carmela angekuwa na hasira za mchepuko peke yake, angesamehe kama alivyosamehe misimu mitatu nyuma, angeletewa mkufu yakaisha. Kwangu wa nne ndio wa kwanza. Edie Falco na James Gandolfini, Carmela na Tony wenyewe, wote walipata Emmy mwaka 2003, usidhani waliziokota.

Ulionichosha mimi ni wa tatu. Ndugu yangu wa Mombasa anacheka theluji, lakini msimu huo huo dokta Melfi, daktari wa akili wa Tony, anabakwa kwenye ngazi za maegesho ya magari, na Ralph, mtu wa genge la Tony, anampiga Tracee, binti mjamzito, mpaka anakufa nyuma ya klabu. Episodi ya Tracee sijawahi kuirudia. Si kwamba ni mbaya. Siiwezi tu.

#5 (mleta uzi)
Dada, nimekusoma mara mbili. Whitecaps sina neno nayo, na hoja yako ya macho ya jikoni ni nzito. Ila episodi moja haibebi 12 nyingine. Nakuongezea na ile Tony anamuua Ralph kwa ajili ya farasi, hizo mbili. Hizo nyingine? Columbus bado inanidai saa yangu. Nabaki na wa tano.

#6
Natoka Kigoma, niko New Jersey, nasambaza vifurushi. Ile njia ya kwenye mwanzo wa tamthilia, Tony anatoka kwenye handaki la kuvuka kutoka New York, sigara nene (cigar) mkononi, hiyo ndiyo ofisi yangu. Angalieni vizuri: misimu mitatu ya mwanzo yale majengo mawili pacha yanaonekana kwenye kioo cha pembeni. Kuanzia wa nne hayapo, waliyatoa baada ya Septemba 11. Holsten's ya tukio la mwisho la tamthilia ipo kweli, Bloomfield, ni mgahawa wa aiskrimu, watu walikuwa wanaenda kupiga picha kwenye kile kiti cha Tony mpaka kilipouzwa 2024.

Mimi nasimama na wa kwanza, 1999, kwa sababu ya mama yake Tony. Adui wa Tony mkubwa kuliko wote ni bibi kizee kwenye nyumba ya kulelea wazee, anayelalamika huku anapanga mwanawe auawe. Nancy Marchand, aliyemwigiza mama huyo, alifariki mwaka 2000, wakalazimika kumchomeka kwa kompyuta mwanzoni mwa msimu wa tatu. Kichwa kinaonekana kimebandikwa. Heri wangemwacha apumzike.

#7
Zamani nilikuwa na duka la CD Mbagala. Niwaambie ukweli, Sopranos haikuwa inauza. Madijei wa kutafsiri hawakuigusa, maana utatafsiri nini, watu wamekaa wanaongea kwa daktari saa nzima? Wateja wangu wa hii walikuwa wachache, mwalimu mmoja wa sekondari, dereva wa lori, na mama mmoja wa benki.

Dereva alipofika episodi ya mwisho kabisa alirudi dukani mkali kweli. CD yako mbovu, imezima katikati, Tony anakula vitunguu vya kukaanga, binti yake anahangaika kuegesha gari, mlango unafunguka, giza. Nikamwekea nyingine. Giza. Ya tatu, giza, halafu majina yanapanda. Akasimama kaunta ameshika kofia, akauliza, "Kwa hiyo kauawa au hajauawa?" Nikamwambia wenyewe Wamarekani 2007 walidhani kebo imekatika. Hela yake alitaka hata hivyo nimrudishie nusu.

Sehemu ya pili ya msimu wa sita, zile episodi tisa, kwangu ndiyo kali kuliko zote. Tony kumziba pua Christopher kwenye gari lililopinduka, akiwa anamwangalia usoni. Baada ya hapo hutaki tena kumtetea.

#8
Mnaongea saa nzima na hakuna aliyemtaja Richie Aprile, yule mtu wa mafia anayemsumbua Tony. Msimu wa pili, 2000. Anampa Tony koti la ngozi alilopata kwa ubabe enzi zake, analiona la thamani kuliko gari. Siku moja yuko jikoni kwa Tony, anaona mume wa mfanyakazi wa ndani amelivaa. Hasemi kitu. Tazameni uso wa David Proval, mwigizaji wake, pale. Na jamaa katisha msimu mzima, Tony kaagiza auawe, kumbe anayemmaliza ni Janice, dada wa Tony na mchumba wa Richie, mezani, chakula cha usiku, baada ya Richie kumpiga mdomoni. Dada wa Tanga, ule ugomvi mama yako ameuona?

#9
Ule niliuruka mama alipokuwepo. Angesema Janice kachelewa.