Turbo ya mtumba ya Forester: nilipe kabla ya kuiona?

XT_Mwanza
Habari zenu, ndugu. Nina Subaru Forester SG5 yenye injini ya EJ205, ambayo imeanza kutoa moshi wa buluu kila ninapoondoka kwenye foleni. Fundi ameifungua turbo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, na kukuta feni imekwangua ukuta wa nyumba yake. Mtandaoni nimeona turbo aina ya TD04 iliyotumika kwa shilingi 650,000, lakini muuzaji yuko Dar es Salaam na anataka fedha zote zitumwe kwa simu ndipo aipakie kwenye basi. Ameweka picha mbili tu, zote za upande wa mbele, na turbo inang'aa kama mpya. Je, kuna namna ya kujua uzima wake kabla ya kulipa?

Fundi Gerezani
Ndugu, usiutazame mng'ao, kwa sababu petroli na brashi ya waya hung'arisha chuma chochote, ilhali ugonjwa wa turbo hukaa kwenye shafti. Mwombe video. Ashike nati ya mbele kwa vidole viwili, aitikise juu na chini, kisha aivute na kuisukuma. Pleyi, yaani kulegea, ndogo ya juu na chini ni ya kawaida kwa turbo iliyokauka oili, mradi mapezi ya feni hayagusi ukuta. Lakini ukiona shafti inaingia na kutoka, hiyo imekwisha, usiinunue hata kwa nusu bei. Aonyeshe pia upande wa ekzosi, ambako joto hupasua chuma, pamoja na kibao cha namba cha turbo, kwani TD04 ni ya Mitsubishi, na nyingi za Subaru namba yake huanza na 49377.

Nina swali kwako vilevile: hiyo ya kwanza iliuawa na nini? Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na beringi zake huelea juu ya oili tu. Baadhi ya injini za EJ zina chujio dogo la wavu ndani ya bolti ya bomba la oili, nalo likiziba, turbo yoyote utakayofunga itakufa vilevile. Safisha bomba hilo, mwaga oili ya zamani, osha pia intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, maana vipande vya feni iliyosagika hubaki humo.

Muuza Spea Ilala
Nazungumza kama muuzaji. Kukataa kutuma video hakuna sababu ya haki, kwa kuwa ni kazi ya dakika mbili. Mwambie aweke kando ya turbo karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, ili ujue kwamba anayo mkononi na hakuokota picha ya mwingine. Hata hivyo nasi tunaumia: nimewahi kurudishiwa turbo mbovu ambayo sikuiuza mimi, mteja akiwa amebakiza nzima yangu. Tangu siku hiyo napaka tone la rangi kwenye bolti mbili na kulipiga picha mbele ya mnunuzi, na kwa alama hiyo napokea marejesho ndani ya siku saba bila ugomvi.

Mama Legacy
Mimi nilituma fedha zote mwaka jana kwa ajili ya kalipa nne za breki, zikafika mbili, na simu haikupokelewa tena. Tafadhali, kaka, tafuta fundi aliye Dar umlipe nauli na jasho lake aende kuikagua, naye akabidhi fedha baada ya kuishika kwa mikono yake.

XT_Mwanza
Nawashukuru sana. Nimemwomba muuzaji video na karatasi yenye tarehe. Amejibu kwamba wateja ni wengi na asiyeamini aache, kwa hiyo nimeacha. Fundi wangu naye amefungua ile bolti ya oili leo asubuhi, na wavu wake umeziba kwa masizi meusi kiasi kwamba mwanga haupiti.

Fundi Gerezani, kwa kuwa uko Dar, nikipata nyingine, ungekubali kunikagulia?

Fundi Gerezani
Nitakukagulia. Siku ya kuifunga, mwambie fundi wako amimine oili kwenye tundu la turbo na kuzungusha injini kwa stata bila kuiwasha, mpaka taa ya oili izime.