Wakala anadai ada ya viza ya kibarua cha shambani Marekani: je, ni halali?

Mkaazi wa Kisauni
Assalam aleikum, ndugu zangu. Mdogo wangu ameahidiwa na wakala mmoja mwenye afisi hapa mjini Mombasa kwamba atatafutiwa viza ya H-2A ili akachume matofaa Marekani msimu ujao, mradi alipe nusu ya ada sasa na nusu iliyobaki baada ya mahojiano ubalozini. Nilipouliza jina la mwenye shamba, nikajibiwa kuwa litajulikana viza ikishatoka. Mama ameshaanza kuzungumzia kuuza kiwanja. Naomba wenye kuuelewa utaratibu huu wanifafanulie.

Mzee wa Makaratasi
Waaleikum salaam. Mwambieni mama asikiguse kiwanja. Viza hii huanza kwa mwenye shamba, ambaye ni lazima kwanza aithibitishie Wizara ya Kazi ya Marekani kwamba amewatafuta wafanyakazi wa huko huko asipate wa kutosha, na kwamba kuajiri wageni hakutashusha ujira wa wenyeji. Akipata kibali hicho ndipo hupeleka ombi kwa idara ya uhamiaji, USCIS, na likikubaliwa ndipo kibarua huenda ubalozini Nairobi. Viza ya H-2A isiyo na mwajiri haipo. Mdogo wako adai nambari ya ombi, yenye herufi 3 zikifuatwa na tarakimu 10, kisha aitafute mwenyewe katika tovuti ya USCIS, bila malipo yoyote. Ama kuhusu ada, sheria ya huko inamkataza mwajiri na wakala wake kumtoza kibarua pesa za kutafutiwa kazi, ziitwe ada, amana au chai.

Binti wa Likoni
Naongezea kuhusu mkataba, kwa sababu wengi hutia sahihi bila kuusoma. Malazi ni bure, na mwajiri hutoa chakula, ambacho anaweza kukikata kwenye mshahara kwa kiwango kilichowekwa, au jiko la kupikia bila malipo. Kibarua akimaliza nusu ya muda wa mkataba hurudishiwa nauli ya kwenda, na akiumaliza wote hulipiwa ya kurudi. Vilevile amehakikishiwa angalau robo tatu ya saa zilizoahidiwa. Zikipungua, hulipwa tofauti. Ubaya wake ni kwamba amefungwa kwa mwajiri aliyemwombea: akitoroka kwenda shamba jingine kimyakimya, anapoteza viza na nauli pamoja.

Mkaazi wa Kisauni
Shukrani nyingi. Wakala anasema pia kuwa Kenya imo katika orodha maalumu ya nchi zinazoruhusiwa. Je, ni kweli?

Mzee wa Makaratasi
Orodha hiyo ilikuwepo, na Kenya haikuwamo. Ilifutwa Januari 2025, kwa hiyo uraia wake si kizuizi tena. Hata hivyo, walio wengi mno katika mpango huu hutoka Meksiko, ambako wakulima wana mawakala wa miaka mingi na nauli ni ndogo, na sioni kwa nini mkulima wa matofaa wa jimbo la Washington amlipie kijana nauli kutoka Mombasa bila sababu ya pekee. Kabla ya kurudi katika afisi ile, hakikisheni kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama wakala huyo amesajiliwa kupeleka wafanyakazi ng'ambo, na hata akiwa amesajiliwa, msitoe shilingi kabla ya kuona mkataba wenye jina na anwani ya shamba.