Gazeti likisomwa bure, mwandishi atalipwa na nani?

Hoja iliyo mezani inajulikana. Wasomaji wamezoea kupata habari mtandaoni bila kutoa senti, na magazeti yanapunguza kurasa, yanapunguza watu, mwisho yanafunga. Kuna wanaosema habari ni haki ya kila mtu, hivyo gazeti linalomfungia mlango asiye na pesa limeikana kazi yake. Liishi kwa matangazo kama zamani. Wengine wanajibu kwamba hakuna kazi ya bure, asiyelipa asisome. Mimi nasimama mahali pengine: msomaji achangie ili kazi ifanyike, lakini habari ikishaandikwa isomwe na wote. Nitaeleza, nanyi mnikosoe.

Tuanze na hilo neno "bure". Anayesoma habari kwenye simu ameinunua simu, na bando analinunua kila linapokwisha. Pesa inamtoka. Tatizo ni kwamba haimfikii aliyeifuata habari juani. Inaishia kwa kampuni ya simu, na kile kinachopatikana kwa kumwonyesha msomaji matangazo, sehemu kubwa inachukuliwa na Google na Meta, kampuni yenye Facebook. Kwa hiyo naomba tuache kumwita msomaji bahili. Ametoa, ila waliopokea ni wengine.

Sasa hao wanaotaka turudi kwenye matangazo. Mwaka 1833 Benjamin Day alianzisha gazeti la The Sun mjini New York, akaliuza senti 1 wakati magazeti mengine yakiuzwa senti 6. Pengo alilijaza kwa matangazo, na mtindo huo ukaenea. Tangu hapo msomaji mara nyingi hakubebeshwa gharama yote ya gazeti lake. Walimlipia mwenye duka, anayetafuta mfanyakazi, mwenye chumba cha kupangisha. Hawa hawakulipa kwa kuupenda uandishi wa habari. Walitaka kuonekana, na mahali pa kuonekania palikuwa gazetini. Mwaka 1995 Craig Newmark alianzisha tovuti ya matangazo ya Craigslist huko San Francisco, na yale matangazo madogo madogo yaliyokuwa yakilisha magazeti yakapata makao mengine, tena mengi bila malipo. Magazeti ya Marekani yaliingiza zaidi ya dola bilioni 49 za matangazo mwaka 2005. Kufikia 2020 zilikuwa chini ya bilioni 10, na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, pesa za wasomaji zilizidi za watangazaji. Maji hayo yameshamwagika. Waliowahi kuyakinga ni wachache, mfano kampuni ya Schibsted ya Norway, iliyoanzisha tovuti yake ya matangazo madogo, Finn.no, mwaka 2000. Walikubali kuyapunguzia mapato magazeti yao wenyewe kabla mgeni hajaja kuyachukua. Kwa gazeti linaloanza kufikiria jambo hilo leo, mimi sioni njia.

Upande wa pili unapenda kunitajia New York Times. Ni kweli, lilianza kutoza wasomaji wa mtandaoni mwaka 2011, na mwaka 2023 lilivuka wasajili milioni 10. Lakini tazameni soko lake: kila anayesoma Kiingereza duniani. Tena linauza zaidi ya habari. Mwaka 2022 lilinunua mchezo wa maneno wa Wordle, na michezo na mapishi ni sehemu kubwa ya kinachowavuta watu. Siwalaumu, fumbo la maneno lilikuwa likiuza magazeti tangu enzi za karatasi. Ninachosema ni kwamba gazeti la mji mdogo haliwezi kuiga hesabu hiyo. Utafiti wa Taasisi ya Reuters katika nchi 20 zenye uwezo uliona mwaka 2024 kwamba watu wapatao asilimia 17 tu ndio waliolipia habari za mtandaoni. Hizo ni nchi zenye uwezo! Anayelipa mara nyingi anachagua gazeti moja, na huchagua kubwa. Waliobaki nje ya ukuta wa malipo hawaachi kusoma. Wanasoma kinachopatikana, na kinachopatikana bila malipo mara nyingi kimelipiwa na mtu mwenye jambo lake.

Nataka tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, maana tunajadili bei ya kitu ambacho wengi hatujawahi kukiona kikitengenezwa. Mwandishi wa habari za mahakamani anaingia saa tatu asubuhi, anakaa benchi la nyuma. Kesi aliyoifuata inatajwa saa tano, wakili wa mashtaka hajafika, hakimu anaahirisha kwa wiki mbili. Mwandishi anatoka bila aya hata moja. Baada ya wiki mbili anarudi, inaahirishwa tena. Safari ya nne ndipo shahidi anapotaja jina ambalo halikuwa kwenye hati ya mashtaka, na katika waandishi wote amelisikia yeye tu, kwa sababu wenzake waliacha kuja. Habari inayotoka hapo ina maneno 300. Haijapita nusu saa, tovuti nyingine zimeshainakili, na picha ya kichwa cha habari inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Safari zile nne zimelipiwa na gazeti moja.

Na faida yake ni ya nani? Hapa ndipo mji wa Bell, California, unaponisaidia kuelewa. Ni mji mdogo wenye wakazi wasiofika 40,000, wengi wao wafanyakazi wa kipato cha chini. Mwezi Julai 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba mtendaji mkuu wa mji huo, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Rais wa Marekani analipwa 400,000. Madiwani, ambao kazi yao si ya kutwa, walikuwa wakichukua karibu 100,000 kila mmoja. Waandishi walifika Bell wakifuatilia matatizo ya mji jirani wa Maywood, wakaomba nyaraka, wakazisoma. Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014. Mkazi wa Bell ambaye hajawahi kununua nakala moja ya gazeti lile alinufaika sawa na aliyelinunua kila siku. Kodi ni ile ile, mji ni ule ule. Ukiniambia asiyelipa asisome, unaniambia mtu huyo asijue anayoibiwa.

Ndiyo maana napendelea njia ya gazeti la Uingereza, The Guardian, ambalo halijaweka ukuta. Linaomba, na wasomaji zaidi ya milioni moja wanatoa. Afrika Kusini, Daily Maverick, moja ya vyombo vilivyofichua mwaka 2017 barua pepe za akina Gupta, ndugu matajiri waliokuwa karibu na Rais Jacob Zuma, lilianzisha uanachama wake mwaka 2018, na habari zake zikabaki wazi kwa asiye mwanachama.

Kuna mfano unaonipinga, nao siuruki. Mediapart, tovuti ya habari ya Ufaransa, tangu 2008 haichukui matangazo na habari zake ni za wanaolipa. Inajitegemea, ina faida, na mwaka 2012 ilifichua akaunti ya siri ya Jérôme Cahuzac, waziri wa bajeti, ambaye alijiuzulu mwaka uliofuata. Ukuta haukuzuia nchi nzima kujua. Nakubali. Lakini habari ya waziri hubebwa na redio na televisheni siku hiyo hiyo. Habari ya diwani aliyejigawia kiwanja haibebwi na mtu. Ikifungiwa, imekwisha.

Njia nyingine nazitaja kwa haraka. Kuzibana kampuni za mtandao kwa sheria: Kanada ilijaribu mwaka 2023, Google ilikubali kutoa dola za Kanada milioni 100 kwa mwaka, Meta ikaziondoa habari kwenye Facebook na Instagram nchini humo. Tajiri mwenye moyo: Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alilinunua Washington Post mwaka 2013, na Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani, gazeti likazuiwa kutangaza mgombea linayemuunga mkono. Wasajili zaidi ya 200,000 walijiondoa. Waliolipia hawakuwa na sauti kwa sababu mali haikuwa yao.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo wenye magazeti hawapendi kulisikia. Huwezi kuniomba mchango huku mwisho wa mwaka unagawana gawio na wenye hisa. Mchango unakwenda na umiliki wa aina nyingine. La Presse la Montreal, Kanada, liliacha kuchapa karatasi mwisho wa mwaka 2017, na mwaka 2018 likageuzwa kuwa chini ya amana isiyo ya faida. Salt Lake Tribune la Marekani lilifanya mageuzi kama hayo mwaka 2019. Gharama ya mtambo, karatasi na magari ya usambazaji ikiondoka, na mwenye hisa akiondoka, kinachobaki kulipiwa ni watu wanaokwenda kwenye lile benchi la nyuma.

Na wawepo kweli. Niliwahi kulipia usajili wa gazeti moja mwaka mzima. Kila nikifungua, matangazo yamefunika nusu ya ukurasa, na habari iliyo chini yake ni taarifa ya ofisi fulani kwa vyombo vya habari, neno kwa neno, hadi makosa ya herufi. Sikuongeza mwaka wa pili, na sijutii. Lakini kama wangeniandikia kwamba mchango wangu na wa wenzangu ndio uliomweka fulani kortini mwezi huu, na haya ndiyo aliyoyaleta, ningekuwa bado nalipa.

Hoja yangu inachechemea mahali pamoja. Gazeti la eneo maskini, lenye wasomaji elfu chache, haliwezi kuendeshwa kwa michango yao hata wakitoa wote, na huko ndiko linakohitajika zaidi. Wenzangu wengi mtasema ruzuku ya serikali. Norway inayatolea magazeti ruzuku tangu 1969, kwa vigezo vilivyowekwa mapema, na magazeti yake hayajawa vipaza sauti vya serikali. Ningependa kuamini jambo hilo linawezekana hata pale ambapo serikali imezoea kuyanyima matangazo yake magazeti inayoyachukia. Basi anayeitetea njia hiyo anijibu: fungu litapitia mikononi mwa nani, na nani atamzuia kulikata asubuhi gazeti litakapomwandika yeye?