Kifuta jasho cha mifugo iliyouawa na wanyamapori: tupeane uzoefu

Ndugu wafugaji, salamu kutoka Pawaga, Iringa Vijijini. Miaka kadhaa iliyopita simba waliingia katika boma langu la miiba usiku na kuua ng'ombe watatu, wawili wakiwa mitamba yenye mimba. Alfajiri nilimwita mwenyekiti wa kitongoji, naye akamwita mtendaji, lakini mimi, kwa uchungu na kwa kutojua, nilikuwa nimekwisha kuwaruhusu vijana wachune na kugawana nyama. Afisa wanyamapori alipofika siku ya pili alikuta damu na ngozi tu, hakuna nyayo wala jeraha la kupimwa, na fomu yangu ya kuomba kifuta jasho cha Serikali ikaandikwa kwamba chanzo cha vifo hakikuthibitika.

Wakati huo zilitumika Kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011, ambazo kiwango chake kilikuwa shilingi 50,000 kwa ng'ombe na 25,000 kwa mbuzi au kondoo. Kwa bei ya mnadani fedha hiyo hainunui hata ndama, na jina lenyewe linajieleza: ni kifuta jasho, si fidia. Hata hivyo nilikuwa naihitaji kwa chanjo na dawa za kuogesha waliobaki. Naomba waliofanikiwa waeleze walivyofanya.

Mfugaji wa Idodi

Pole sana, kaka. Mimi nililipwa, ila baada ya miezi kumi na minne. Kilichonisaidia ni kutogusa mzoga. Tuliufunika kwa matawi ili fisi na tai wasiuharibu, kijana akapiga picha za alama za meno shingoni na nyayo zilizotoka zizini, kisha mtendaji akaandika muhtasari na majirani wawili wakatia saini kabla jua halijawa kali. Nilitunza nakala ya kila karatasi, na hilo liliniokoa, kwa sababu faili langu lilipotea mara moja katika ofisi ambayo sitaitaja.

Mama mfugaji, Mbarali

Kwetu Usangu shida ni mpaka. Tangu mwaka 2008, eneo la lililokuwa Pori la Akiba Usangu lilipoingizwa katika Hifadhi ya Taifa Ruaha, swali la kwanza si ng'ombe ameuawa na nini, bali ameuawa wapi. Mifugo ikifia ndani ya hifadhi hakuna kifuta jasho, na mwenye mifugo anaweza kujikuta akiulizwa yeye alifuata nini huko. Madume yangu mawili yaliuawa karibu na bwawa tunaloliona sisi kuwa la kijiji. Ramani ilisema vinginevyo. Sikupewa kitu. Siku hizi mchungaji wangu hubeba simu yenye kuonyesha mahali alipo, na picha yoyote ya tukio hupigwa pamoja na mti au mto unaojulikana.

Mwanzisha mada

Ahsante, mama, na wewe kaka wa Idodi. Nimekwisha kuimarisha zizi kwa seng'enge, na nimewaambia vijana kwamba mnyama akiuawa, kisu kibaki alani hadi afisa afike. Swali langu kwa kaka: katika miezi ile kumi na minne, ulikwenda mwenyewe kufuatilia wilayani, au mtendaji ndiye aliyefuatilia kwa niaba yako?

Mfugaji wa Idodi

Nilikwenda mwenyewe, mara sita, na nauli ilikula karibu nusu ya malipo.