Ketamini kwa sonona isiyosikia dawa: je, nafuu yake hudumu?

Dada Mkubwa anauliza:
Habari zenu. Mdogo wangu anaugua sonona kwa miaka kadhaa sasa. Ametumia aina mbili za dawa, kila moja kwa dozi kamili na kwa muda wa kutosha, bila kupata nafuu ya maana, na daktari wake wa magonjwa ya akili amependekeza ketamini kwa njia ya dripu. Mimi naijua ketamini kama dawa ya nusu kaputi, na nasikia wapo wanaoitumia kama kileo. Inafanyaje kazi, na je, hatutamtoa kwenye sonona tukamwingiza kwenye uraibu?

Mtaalamu wa Usingizi:
Dada, dawa ni ileile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1970 kwa ajili ya upasuaji. Kinachotofautiana ni kiasi. Kwa sonona, kipimo kilichozoeleka ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kikipitishwa kwenye mshipa polepole kwa dakika 40, ilhali mgonjwa wa upasuaji huwa tunampa miligramu moja hadi mbili kwa kilo, na zote huingia kwa dakika moja hivi. Kwa hiyo mdogo wako hatalala. Atakuwa macho, ila anaweza kujihisi kama yuko nje ya mwili wake, sauti zikimjia kwa mbali na muda ukionekana kusimama, na hali hiyo kwa kawaida huisha ndani ya saa moja au mbili. Shinikizo la damu hupanda, ndiyo maana mkanda wa kupimia hubaki mkononi, na wengine hupata kichefuchefu. Asiendeshe gari mpaka alale usiku na kuamka.

Kuhusu utendaji wake, dawa nyingi za sonona hugusa kemikali ya ubongo iitwayo serotonini na huchukua wiki kadhaa, lakini ketamini huziba vipokezi vya kemikali nyingine ya ubongo, glutameti, viitwavyo NMDA, na inadhaniwa kwamba kwa kufanya hivyo huchochea seli za ubongo kujenga upya miunganiko iliyodhoofika. Nasema “inadhaniwa” kwa makusudi, kwa sababu mjadala huo haujafungwa.

Nimepitia Huko:
Kwangu nafuu ilikuja kesho yake asubuhi: nilijikuta nimeshaoga na kutandika kitanda kabla sijakumbuka kwamba mambo hayo mawili yalikuwa yamenishinda. Mabaya ni kwamba baada ya dripu ya kwanza ilififia upesi, nami hakuna aliyenitahadharisha, hivyo nikadhani nimeshindikana kabisa. Dripu zilizofuata, pamoja na vidonge na mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, ndizo zilizonishikilia. Ulizeni mapema mpango wa baada ya dripu ni upi, na gharama zake zitabebwa vipi.

Mshauri Nasaha:
Aliyoyasema hapo juu yanalingana na tafiti. Katika utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, asilimia 71 ya waliopewa ketamini walikuwa na nafuu kubwa siku iliyofuata, lakini waliobaki nayo kwa wiki nzima au zaidi walikuwa asilimia 35 tu. Kasi hiyo ni ya ajabu, ila mimi huwa nawaambia ndugu wa wagonjwa waiangalie zaidi wiki ya pili.

Uraibu ni hatari ya kweli, na wanaoitumia mara kwa mara kama kileo huharibikiwa hata na kibofu cha mkojo. Kinga yake ni usimamizi. Esketamini, dawa ndugu yake inayopuliziwa puani na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hutolewa mbele ya mhudumu wa afya, na mgonjwa huangaliwa kwa saa mbili au zaidi. Mtu akiwauzia ketamini ya kutumia nyumbani bila uangalizi, kataeni. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilo Oktoba 2023.

Dada Mkubwa:
Ahsanteni sana. Limenijia jambo jingine: kabla ya sonona hii kulikuwa na kipindi ambacho halali usiku, anaongea bila kupumua na anagawa fedha ovyo, nasi tukasema ni ujana. Lina uhusiano?

Mshauri Nasaha:
Lina uhusiano mkubwa, na daktari alisikie kabla ya siku ya dripu. Huenda ni ugonjwa wa baipola, yaani wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ambao huonekana kama sonona tupu ikiwa hakuna anayesimulia vipindi vya msisimko. Hilo halimfungii mlango wa ketamini, kwani imewahi kujaribiwa kwa wagonjwa wa baipola wakiwa wanaendelea na dawa za kutuliza hisia, lithiamu au valproeti, ili hisia zisipande kupita kiasi. Lakini huenda daktari akaamua kuanza na dawa hizo kwanza. Nenda naye kliniki wewe mwenyewe, kwa kuwa mgonjwa mara nyingi hukikumbuka kipindi kile kama wakati alipokuwa mzima.