Duka la vitu vya kale Lamu limekichinja kinanda cha santuri cha bibi yangu na kukiuza kama "mashine ya Edison"

Waungwana, assalamu alaikum. Naufungua uzi huu kwa hasira ambayo sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa jambo lililonifika mimi linaweza kumfika yeyote mwenye kinanda cha zamani nyumbani kwao, tangu Mkomani hadi Langoni.

Bibi yangu alikuwa na kinanda cha santuri cha kubebeka, HMV 102 (HMV ni chapa ya Kiingereza, "His Master's Voice"), sanduku jeusi lenye ncha zilizochubuka, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931. Kamani, yaani springi inayoizungusha sahani, ilipokatika, nilikipeleka katika duka moja la vitu vya kale lililo karibu na ufuo, ambalo ubao wake wa mlangoni unatangaza matengenezo. Mwenye duka alipokea malipo ya awali, akanizungusha kwa hadithi za vipuri vinavyosubiriwa kutoka Mombasa, na mwishowe akanikabidhi sanduku tupu huku akidai kwamba mitambo ya ndani ilikuwa imeliwa na kutu, naye ameitupa. Wakati huohuo, kamani mpya za vinanda vya aina hiyo zingali zinatengenezwa na kuuzwa kwa wakusanyaji.

Mitambo hiyo haikutupwa. Nimeikuta imepangwa dukani humo mbele ya macho ya watalii, ndani ya kisanduku kipya cha pembe nane kinachonuka vanishi, chini ya pembe kubwa la kutolea sauti, la shaba ya manjano. Niliitambua kwa mkono wa kuzungushia: kirungu chake cha asili kilipotea zamani, na ami yangu alichonga kingine cha mpingo chenye ua dogo la petali sita, mtindo wa milango yetu, na petali moja imebanduka. Nilipomwonyesha mwenye duka ua lile, alicheka akasema, "Mwanangu, mashine za Wazungu zote ni mamoja." Nilimjibu, "Ami, hili ua halikuchongwa na Mzungu," naye akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Wizi peke yake ungetosha kunikasirisha, lakini kilichonitia uchungu zaidi ni uongo uliobandikwa juu ya wizi huo. Ubavuni mwa kisanduku kuna bamba linalosema kwamba hii ni fonografu ya Edison ya mwaka 1877, na chini yake imechorwa picha ya mbwa anayesikiliza pembe. Fonografu ambayo Edison aliibuni mwaka 1877 haikucheza sahani ya santuri hata moja, bali ilikuwa na mche wa duara uliofungwa karatasi ya bati, ambayo sindano iliikandamiza na kuacha alama za sauti. Sahani bapa ni kazi ya Emile Berliner, aliyeanza kuisajili gramafoni yake mwaka 1887. Mbwa naye ni alama ya kampuni nyingine kabisa: mchoraji Francis Barraud alikuwa amemchora mbele ya mashine ya mche, na mwaka 1899 ilimbidi aipake rangi na kuchora gramafoni mahali pake ndipo Gramophone Company ikainunua picha hiyo. Bamba moja limewachanganya mahasimu wa kibiashara kama ndimu na maziwa, na mtalii analipa.

Hata pembe lenyewe ni ushahidi wa kughushi. Tangu Victrola, gramafoni yenye pembe lililofichwa, ilipotoka Marekani mwaka 1906, watengenezaji walianza kulificha pembe ndani ya sanduku, na katika vinanda vya kubebeka kama cha bibi yangu lilikunjwa humo ili mtu afunge kifuniko na kuondoka nacho. Mafundi wa kughushi, ambao kazi zao zimejaa masokoni huko India na sasa zimetufikia, huvichinja vinanda halisi visivyo na pembe la nje, wakachukua mitambo na kisanduku cha sauti (kichwa kinachoshika sindano), kisha wakabuni umbo wanalodhani mgeni anatarajia kuliona. Kila "cha kale" kimoja kinachouzwa namna hii kimeua cha kale cha kweli.

Tena hakifai kuchezea chochote. Siku ile mwenye duka alimfanyia mteja maonyesho kwa kutumia santuri ya plastiki ya mizunguko 45 kwa dakika, aina iliyoanza kutolewa mwaka 1949 kwa ajili ya sindano nyembamba na mkono mwepesi. Akaiwekea sindano ya chuma na kichwa chenye uzito wa zaidi ya gramu 100. Nilisimama karibu nikaona unyuzi mweusi ukijikunja mbele ya ncha ya sindano: ni muziki wenyewe uliokuwa unaparurwa. Sahani za mizunguko 78 zilitengenezwa kwa lakiri ya wadudu wa India iliyochanganywa na unga wa mawe, ili sahani iisage sindano hadi ienee katika mfereji, na ndiyo maana sindano ya chuma hubadilishwa kila upande unapokwisha. Yule bwana alikuwa anatumia sindano moja butu asubuhi kutwa.

Tunazungumzia sauti zetu hapa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na HMV, wakati maikrofoni ilikuwa imeshachukua nafasi ya kuimbia ndani ya pembe, na sahani kama zile ziliingia majumbani mwa pwani hii nzima. Mji wetu uliwekwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mtu aking'oa mlango wa nakshi mtaa mzima utapiga kelele. Akikichinja kinanda kilichowasikilizisha bibi zetu Siti, hakuna anayeuliza.

Ninadai mitambo, mkono wa kuzungushia na malipo yangu ya awali, na dai hilo nimeliwasilisha dukani kwa maandishi pamoja na picha za zamani zinazoonyesha ua la mpingo. Aliyeacha kinanda chake pale aende akakidai leo, afungue kifuniko mbele ya mwenye duka, na asikubali kupewa sanduku kabla ya kuona sahani ikizunguka. Na ikiwa kuna mwanajukwaa aliyenunua gramafoni yenye kisanduku cha pembe nane na kirungu cha ua la petali tano na kipande, tafadhali aniandikie hapa.