Gari la wazi la kuzungushwa nyumba za mastaa Los Angeles, lamfaa mama mtu mzima?

BintiKibokoni
Asalaam aleikum jamani. Mimi na mamangu twaenda Los Angeles mwezi wa sita inshallah kumuona dadangu, sasa dadangu ashaanza kutupangia mambo, ataka kutukatia tiketi za yale magari yasokuwa na paa yanayozungusha watu Hollywood na Beverly Hills waonyeshwe nyumba za mastaa, masaa mawili hivi. Mama ni mtu mzima, magoti yamsumbua, buibui lake halivui popote aendapo, na hawa mastaa wa sasa hawajui, anaowajua yeye ni Muhammad Ali na Michael Jackson, basi. Kuna mtu wa hapa Mombasa ashawahi kupanda? Kweli mtu huona kitu ama ni kupigwa na jua bure? Nataka mama afurahi, safari ya mbali kama hii haiji kila siku.

KijanaWaTudor
Mimi nshapanda, nilikuwa huko kikazi. Kwanza mwambie dadako aangalie akata tiketi ya gari gani, kwa sababu yale makubwa ya ghorofa hupita barabara kubwa tu, yanayopanda vilimani kwenye nyumba ni madogo, ni kama matatu iliyokatwa paa.

Sasa nyumba zenyewe dada, usimwambie mama ataziona. Waona geti, waona ua wa majani umepanda juu huko, waona kamera, halafu mwongozaji awaambia humo ndani akaa fulani, na pengine huyo fulani ashahama zamani. Wengi wa hawa tunaowaona kwa simu wako Hidden Hills, mtaa mzima una geti na walinzi, gari la watalii haliingii kabisa. Michael Jackson nyumba aliyofia 2009 iko Holmby Hills, na hata haikuwa yake, alikuwa amepanga. Watu wateremsha simu zao wakishapiga picha ya geti, gari laendelea.

Lakini njia wallahi nzuri. Mulholland Drive yapita juu juu ya vilima kona baada ya kona, mahali fulani mwasimama mwauona mji wote chini mpaka macho yachoke, na yale maandishi ya HOLLYWOOD yako ng'ambo kilimani. Nilipenda sana kujua kuwa yalianza 1923 kama tangazo la kuuza ploti! Yalisomeka HOLLYWOODLAND, ile LAND ikaondolewa 1949, na herufi za sasa ni mpya za 1978. Mimi pesa yangu niliona imerudi kwa hiyo njia peke yake.

MamaSalama_Bondeni
Dada maadam umemtaja Muhammad Ali basi nisikize hapa. Pale Hollywood Boulevard kuna zile nyota za majina ya watu maarufu zimepachikwa chini njiani, zaidi ya 2,700, watu wazikanyaga mchana kutwa. Ya Ali haiko chini. Iko ukutani, pale mlangoni Dolby Theatre panapotolewa Oscar, kwa sababu alikataa jina la Mtume likanyagwe na miguu ya watu, wakamkubalia wakamuwekea ukutani mwaka 2002. Mimi nilisimama pale nikatokwa na machozi, mtu yuko katikati ya dunia yote ile ya anasa na akashikilia la dini yake. Mpeleke mama akaione kwa macho yake. Ukiwa ndani ya gari utapitishwa tu, kwa hivyo shukeni muende kwa miguu, na hakuna kiingilio, treni yenyewe yasimama Hollywood/Highland hapo hapo chini, mkipanda juu mmefika. Jirani yake ni ile nyumba ya sinema ya mtindo wa Kichina ya 1927, uani kuna alama za mikono na miguu ya waigizaji kwenye saruji, nayo hiyo waiona bure. Ila wale waliovaa nguo za katuni wakikwambia piga picha, jua wataka pesa.

Ami_wa_Kuze
Mimi hili la kwenda kuchungulia majumba ya watu silipendi. Sisi huku Mji wa Kale wageni hupitishwa vichochoroni kila siku wakitoka Fort Jesus, twajua inavyokuwa umekaa barazani kwako na mtu ashakuelekezea kamera hata salamu hakutoa. Staa naye ana watoto, ana wagonjwa nyumbani. Mkitaka kuona jumba la kitajiri nendeni Greystone hapo Beverly Hills, la 1928, ni mali ya mji na bustani zake mwaingia bila kulipa, hamumsumbui mtu.

KijanaWaTudor
Ami heshima yako, lakini gari hukaa barabara ya umma, haliingii kwa mtu. Ile Greystone kweli ni nzuri, hapo sina neno.

BintiKibokoni
Shukran sana nyote. Ile ya Ali nimemsomea mama saa hii, asema hapo lazima. Sasa na gari je, upepo na buibui?

MamaSalama_Bondeni
Mtandio aubane na pini pande zote na siti achukue za mbele nyuma ya dereva, huko nyuma upepo ni mwingi. Na sweta! Mwezi wa sita asubuhi huko ni mawingu na kibaridi, sisi watu wa pwani twatetemeka, kateni ya mchana. Bakshishi ya mwongozaji muweke tayari maana wenyewe waitarajia. Siku nyengine mpelekeni Griffith Observatory, jumba la kutazamia nyota za mbinguni, juu kilimani, yale maandishi yaonekana vizuri, kuingia bure, kuna basi dogo la DASH latoka stesheni ya Vermont/Sunset mpaka mlangoni kwa hivyo magoti yake hayatateseka. Jumatatu hufungwa, msiende Jumatatu.